Msimu wa Maembe: Tunda Tamu, Maji Safi na Kivuli

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiza. Kama umepakata mtoto, mnyonyeshe. Kama nyanya yuko karibu, mwite naye asogee, maana mazungumzo ya leo yanamhusu sana.

Leo tunazungumza kuhusu msimu wa joto na matunda yake. Kuanzia Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi zinapovuma, jua huwa kali na usiku hauna baridi. Lakini Mwenyezi Mungu hakutuacha hivi hivi. Miezi hiyo hiyo miembe huzaa. Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River kuna ngowe, boribo na dodo. Makueni na Machakos maembe hujazwa kwenye malori usiku na mchana. Sokoni embe ambalo mwezi wa Agosti hukuweza kulinunua, sasa unauziwa fungu zima kwa bei ya chini. Pembeni kuna matikiti maji, mananasi, mapapai, pasheni na ndimu. Na kwa kuwa shule zimefungwa mwisho wa mwaka, watoto wako nyumbani, wako nje, wanacheza kutwa.

Ni msimu wa raha. Mbona basi katika miezi hii hii utawaona akina mama kwenye foleni ya zahanati, wamebeba watoto waliolegea kwa kuhara?

Wengi wetu tuna jibu tayari. Tunasema, "Ni maembe hayo! Amekula maembe mengi." Basi mtoto ananyimwa matunda, na pengine ananyimwa chakula pia. Mama mpendwa, mara nyingi embe halina hatia. Ni kweli kwamba mtoto akila maembe mengi mno kwa mara moja, tumbo linaweza kumsokota na choo kikawa laini. Lakini kinacholeta ule ugonjwa wa kuhara unaolegeza mtoto ni viini vya ugonjwa vinavyotoka kwenye kinyesi, vikaingia mdomoni. Vinabebwa na mikono isiyooshwa, na maji machafu, na nzi, na kisu kilichofutwa kwa kitambaa kichafu. Kwa hivyo leo hatutawanyima watoto matunda. Leo tutajifunza namna ya kufurahia msimu huu bila kuishia zahanati.

KWA NINI TULE MATUNDA YA MSIMU

Embe lililoiva na papai lina rangi ya manjano au ya machungwa. Rangi hiyo ni ishara ya chakula ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A hulinda macho ya mtoto na humsaidia kupigana na magonjwa. Hata hivyo, matunda hayachukui nafasi ya matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki. Mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 anastahili kuyapata kila baada ya miezi 6. Tazama kijitabu cha mama na mtoto uone kama wako amepata.

Matunda pia yana vitamini C. Vitamini hii husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe, kunde, ndengu na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayoongeza damu. Kwa hivyo ukila maharagwe na kipande cha embe au chungwa, umefanya jambo la maana. Lakini ukila maharagwe na kikombe cha chai, chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri. Mama mjamzito hasa, weka chai mbali na chakula. Kunywa baadaye, saa moja au mbili baada ya kula.

Na kuna jambo jingine: pesa. Soda ni sukari na maji. Kwa bei ya chupa moja ya soda, msimu huu unaweza kupata matunda ya kuwatosha watoto wawili au watatu. Soda huozesha meno na humshibisha mtoto asile chakula. Tunda lina utamu wake, maji yake na nyuzinyuzi zake.

KUNUNUA NA KUOSHA

Ukienda sokoni, chagua tunda zima lisilopasuka. Epuka tikiti au nanasi lililokatwa mapema na kuachwa wazi, nzi wakitua juu yake. Kama ni lazima ununue la kukatwa, mwambie muuzaji akukatie hapo hapo, na uangalie kisu chake.

Wako wachuuzi wanaoivisha maembe haraka kwa dawa ya unga iitwayo kabaidi. Dawa hiyo haifai kwa afya. Embe la namna hiyo mara nyingi huwa la manjano kwa nje lakini ndani ni gumu, na halina ile harufu tamu ya embe. Ni afadhali kununua maembe yaliyokomaa lakini bado magumu, ukayafunga kwa gazeti au ukayaweka ndani ya kikapu pamoja na ndizi mbivu. Baada ya siku chache yataiva yenyewe.

Ukifika nyumbani, osha tunda kwa maji safi kabla ya kulikata, hata kama utalimenya. Kwa nini? Kwa sababu kisu kinapopita kwenye ganda chafu, kinabeba uchafu huo hadi ndani ya nyama ya tunda. Tikiti maji hukua likiwa limelala chini kwenye udongo. Lisugue kwanza, ndipo ulikate.

Pia osha ule utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe. Baadhi ya watoto huwashwa na kutoka vipele mdomoni kwa ajili ya utomvu huo. Mmenyee mtoto embe lake badala ya kumwacha alimenye kwa meno.

Na mikono je? Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha. Watoto wanaocheza nje hawawezi kukumbuka kuingia ndani kuosha mikono. Basi waletee maji pale wanapochezea. Chukua mtungi mdogo wa plastiki, utoboe tundu dogo, uufunge kwenye tawi la mti, na uning'inize kipande cha sabuni kando yake. Sheria iwe moja tu: hakuna embe kabla ya mtungi.

MAPISHI MANNE YA MSIMU

Sasa chukua karatasi na kalamu, au mwite mtoto mkubwa akuandikie.

La kwanza ni papai au embe la kuponda, kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Chagua tunda lililoiva sana. Lioshe, limenye, toa mbegu zote, kisha liponde kwa uma kwenye bakuli safi hadi lilainike. Embe lenye nyuzi lipitishe kwenye chujio. Anza na vijiko viwili au vitatu, ukimlisha polepole kwa kijiko. Usitie sukari wala chumvi. Usitie asali, kwa maana mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Tunda hili ni la kuongezea uji na chakula chake, wala si badala ya chakula. Na maziwa ya mama yaendelee.

La pili ni embe la tui, kwa watoto wa zaidi ya mwaka mmoja na watu wazima. Chukua maembe makubwa mawili yaliyoiva na nusu kikombe cha tui zito la nazi. Kuna nazi kwa mbuzi, kamua tui kwa maji safi ya kunywa, chuja, kisha lichemshe kidogo huku ukikoroga lisikatike. Liache lipoe. Kata maembe vipande vidogo, mimina tui juu, na kama unayo iliki, tia punje moja iliyosagwa. Mafuta ya nazi husaidia mwili kuichukua ile vitamini A. Wewe uliye bara usiye na nazi, tumia kijiko cha njugu karanga zilizosagwa zikawa laini. Njugu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumkaba koo.

La tatu ni kachumbari ya embe bichi. Chukua embe bichi moja, kitunguu kimoja, nyanya mbili, dania kidogo, ndimu moja na chumvi kidogo. Osha kila kitu vizuri kwa maji safi. Katakata embe vipande vyembamba, changanya na vingine, kamulia ndimu. Kula na maharagwe, na samaki au na wali wa kunde. Hapo umekula mboga, umekula tunda, na umeusaidia mwili wako kutengeneza damu.

La nne ni maji ya pasheni. Chukua pasheni sita, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na sukari vijiko viwili vya mezani, si zaidi. Kata pasheni, toa nyama yake kwa kijiko, itie kwenye chujio na uisugue huku ukimimina maji kidogo kidogo. Huna haja ya blenda. Tia sukari, koroga, mnywe papo hapo. Kama huna friji, kinywaji kilichokaa zaidi ya saa mbili kwenye joto kimwage. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpe juisi. Na hata kwa mtoto mkubwa, kula tunda lenyewe ni bora kuliko kunywa juisi yake.

MAJI NDIYO SIRI

Nimesema maji yaliyochemshwa. Naomba unisikize vizuri hapa. Unaweza kuosha matunda, ukaosha mikono, ukaosha kisu, kisha ukaharibu kazi yote kwa kumwaga maji ya kisima ndani ya juisi. Barafu pia ni maji. Viini vingi vya ugonjwa havifi kwa baridi. Ile barafu ya rangi ambayo mtoto hununua kwa shilingi chache njiani, imetengenezwa kwa maji gani? Kama hujui, mtengenezee yako nyumbani.

Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kabisa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Au tumia dawa ya klorini ya kutibu maji, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Na usitafute maji safi kisha uyachote kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Tumia mtungi wenye mdomo mwembamba au wenye bomba.

NYANYA, MTOTO MCHANGA HAPEWI MAJI

Sasa nyanya, hapa nakuomba usogee karibu. Joto linapozidi, tunamhurumia mtoto mchanga. Tunasema, "Huyu naye ana kiu, mpeni maji kidogo." Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji, hata wakati wa joto kali. Maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, nayo ni maji safi kuliko yote. Kijiko kimoja cha maji machafu kinaweza kumharisha, na maji yanamjaza tumbo asinyonye vya kutosha. Kukiwa na joto, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Anayehitaji maji ni mama yake. Basi nyanya, ile bilauri ya maji uliyoishika, mpe mkwe wako. Na msaidie kazi ili apate nafasi ya kukaa na kunyonyesha.

RAHA YA NJE

Watoto wanahitaji kucheza. Kukimbia, kuruka kamba, kucheza kati na mpira wa makaratasi huimarisha mifupa na kuchangamsha akili. Usiwafungie ndani. Panga tu wakati. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri jua huwa kali sana. Saa hizo wacheze chini ya mti, wasimuliwe hadithi, wale matunda. Asubuhi na jioni wakimbie watakavyo.

Wape maji ya kunywa hata kabla hawajaomba. Mtoto aliyenogewa na mchezo husahau kiu. Ukiona mkojo wake ni wa manjano sana na ni mchache, ongeza maji. Mtoto mchanga uliyembeba, usimfunike uso kwa leso nzito ukidhani unamkinga jua. Hewa ipite. Na mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kila siku.

Msimu wa maembe pia ni msimu wa watoto kuanguka mitini na kuvunjika mikono. Tengenezeni upembo mrefu, mtu mzima aangue, watoto waokote. Mkienda kuogelea, uwe ufuko wa Bamburi au mtoni, mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuwatazama watoto. Si kupiga gumzo, si kutazama simu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hata nyumbani, funika kisima na umwage maji ya beseni, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini.

MTOTO AKIHARA

Pamoja na juhudi zote, huenda mtoto akahara. Akiharisha choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, usingoje kesho. Kinachoua mtoto anayehara mara nyingi ni kuishiwa na maji na chumvi mwilini.

Fanya mambo manne. Kwanza, mpe maji ya ORS. Soma kwenye pakiti ni kiasi gani cha maji safi kinachohitajika, kwa kuwa pakiti hutofautiana. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara. Aliyezidi miaka miwili mpe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole kwa kijiko. Kama mtoto ni wa chini ya miezi 6, endelea kumnyonyesha na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Pili, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mtoto anayehara asinyimwe chakula. Ndizi mbivu iliyopondwa, uji na wali laini vinamfaa. Soda na juisi zenye sukari nyingi usimpe, huzidisha kuhara.

Tatu, mwombe mhudumu wa afya tembe za zinki. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Mpe zote hata kama kuhara kumekoma, kwa sababu humsaidia asiugue tena mapema.

Nne, jua dalili za hatari. Mkimbize zahanati mara moja ukiona hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, amelegea au analala asiamke vizuri, ametukutika kwa degedege, au choo kina damu. Usiku si kisingizio. Njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kunywa.

Ningependa pia ukumbuke chanjo ya rotavirusi. Hapa Kenya ilianza kutolewa mwaka 2014, nayo humkinga mtoto na aina kali ya kuhara. Huanza mtoto akiwa na wiki 6. Usichelewe, kwa sababu ina umri wake.

TUKUMBUSHANE

Mama mpendwa, kabla hatujaagana, tukumbushane. Tunda lioshwe kabla ya kukatwa. Mikono ioshwe kwa sabuni. Maji na barafu viwe vya maji yaliyotibiwa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Jua likiwa kali, kivuli. Penye maji, jicho la mtu mzima. Na mtoto akihara, ORS, chakula, zinki na zahanati.

Msimu huu hupita upesi. Mvua za masika zikianza, maembe yatakuwa yamekwisha, na watoto watakuwa wamerudi darasani. Wale basi, wacheke, wachafue nguo kwa maji ya embe. Nguo zitafuliwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya msimu huu iko mikononi mwako, ndani ya mtungi wa maji na kipande cha sabuni.

Hadi tutakapokutana tena, nakutakia wewe na jamii yako afya njema. Kwaheri.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika kijiji chenu, ni nani huamua mtoto mchanga apewe maji? Mtazungumza naye vipi?

2. Barafu na juisi zinazouzwa karibu nanyi hutengenezwa kwa maji gani? Mnaweza kumsaidiaje muuzaji atumie maji safi?

3. Nani kati yenu ana pakiti ya ORS nyumbani leo? Asiye nayo ataipata wapi wiki hii?